Pu-erh mbichi changa imekushinda? Dalili zake, visababishi vyake, na pa kuanzia

Umepata keki ya pu-erh mbichi, yaani chai ya China iliyoshindiliwa, ya mwaka jana au juzi. Umeimega, ukaitia maji ya moto kama utiavyo chai yoyote, ukaiacha ikolee, ukanywa. Ulimi umekunjamana, koo limekauka, na unaona umeuziwa majani ya mwarobaini. Usiitupe bado. Keki changa nyingi nilizoletewa na watu wakilalamika hazikuwa na kosa: zilipikwa vibaya, au zilifunguliwa mapema mno. Chache zilikuwa na kasoro ya kweli, na hizo hakuna upishi unaoziokoa. Ninachotaka ujue ni namna ya kutenganisha hizi na zile, maana nimeona watu wakitupa chai nzuri na wengine wakivumilia chai mbovu kwa miaka wakidhani itabadilika.

Kwanza hakikisha unacho kitu chenyewe. Pu-erh ni chai ya jimbo la Yunnan, kusini-magharibi mwa China, itokanayo na mchai wa majani mapana, ndugu wa karibu wa michai mingi ya Kericho. Majani huchumwa, hunyaushwa, hukaangwa karaini bila mafuta ili kuzima sehemu kubwa ya vimeng'enya vinavyoyageuza rangi, hufikichwa, kisha huanikwa juani. Yakishakauka hupitishwa kwenye mvuke na kushindiliwa kuwa duara bapa. Keki ya kawaida ni gramu 357, na keki saba hufungwa pamoja kwa maganda ya mianzi. Ikiishia hapo ni mbichi, kwa Kichina sheng. Nyingine, shou, huvundikwa kwa unyevu na joto kwa wiki kadhaa, karibu kama sisi tuvundikavyo ndizi, na mbinu hiyo ni ya miaka ya 1970. Maji yake ni meusi kama kahawa tangu mmimino wa kwanza. Kama yako ni nyeusi hivyo, una shou, na dalili nyingi za hapa hazikuhusu.

Kabla ya kutafuta ugonjwa, weka kipimo

Bila kipimo kimoja kisichobadilika utabahatisha tu. Mimi natumia gramu 5 kwa mililita 100 za maji, katika kibakuli chenye kifuniko kiitwacho gaiwani. Buli dogo linafaa vilevile. Maji yawe yamechemka. Mmimino wa kwanza ukae sekunde 5 umwagwe, ni wa kuyaamsha majani. Unaofuata uache sekunde 5 hadi 8, umimine maji yote hadi tone la mwisho, unywe. Endelea hivyo mara saba, nane, ukiongeza sekunde chache chai inapopungua nguvu. Vikombe viwe vidogo, na hapa watu wa pwani hamna haja ya kununua chochote: vikombe vya kahawa vinatosha kabisa. Mizani ya jikoni inayosoma gramu moja moja ndiyo gharama pekee ninayoisisitiza, kwa sababu majani makubwa yaliyoshindiliwa hudanganya jicho. Kipande kidogo kama pipi chaweza kuwa gramu 7.

Kipimo cha pili ni cha kuibana chai iseme kweli: gramu 3, mililita 150, dakika 5 na kifuniko juu. Waonjaji wa biashara hufanya kitu cha namna hii, hata wale wanaoonja kwa ajili ya mnada wa Mombasa huivuta kwa kijiko chai iliyokaa dakika kadhaa, kisha wakaitema. Si chai ya kufurahia. Lakini moshi, uchachu na uvundo vinavyojificha kwenye sekunde 5 havina pa kujificha kwenye dakika 5.

Ni chungu haivumiliki

Lalamiko la kwanza, na ndilo linalochanganywa zaidi. Bahati nzuri Kiswahili kina maneno mawili ambayo mnywaji wa pu-erh anayahitaji sana. Uchungu ni ladha: mchunga, nyanya chungu, kahawa isiyo na sukari. Ukakasi si ladha, ni mguso: bibo ulilong'ata bila chumvi, ndizi mbichi, fizi kuwa kama zimepakwa unga. Wachina nao wanavitenganisha, ku na se. Mtu akiniambia chai yake "kali", huwa namuuliza kwanza kipi kati ya hivi viwili, kwa kuwa tiba zake hazifanani.

Kama ni uchungu, fanya hivi. Nywa funda moja, meza, funga mdomo, pumua kwa pua, na uhesabu. Katika pu-erh mbichi iliyo njema uchungu hupiga mara moja, kisha huanza kuachia. Mate huja, na nyuma ya ulimi au kooni huinuka utamu ambao haukuwamo kwenye kikombe. Wachina huuita hui gan, utamu unaorudi. Ukiachia ndani ya nusu dakika, chai yako ni nzima na kilichobaki ni kuipika kwa upole. Ukipita dakika mbili tatu na uchungu uko palepale, haujasogea, endelea kusoma.

Anza na uzito: umepima kweli, au umekadiria? Kisha muda. Watu wengi tumelelewa na chai ya kuchemshwa sufuriani, na mkono hauamini sekunde 5. Amini. Majani haya yana kafeini na katekini nyingi, viambata vinavyoleta uchungu na ukakasi, na maji ya moto hayahitaji muda mrefu kuzitoa. Angalia pia kama unaacha maji kidogo chini ya buli kati ya mimino. Hayo yanaendelea kukolea na kuharibu kikombe kinachofuata, nawe utailaumu chai.

Halafu angalia ulivyoimega. Hapa ndipo ninapokuta kosa mara nyingi kuliko mahali pengine. Mtu anachukua kisu cha jikoni, anakata keki kutoka juu kama anakata mkate wa mofa, na nusu ya anachopata ni makombo na vumbi. Jani lililovunjika hutoa kila kitu kwa mpigo. Chukua kitu chembamba chenye ncha, hata spoku ya baiskeli iliyonolewa na kusafishwa vizuri, ukichomeke ubavuni mwa keki kwa kufuata tabaka, si kwa kukata kutoka juu, kisha ukiinue taratibu. Elekeza ncha mbali na mkono ulioshika keki; nimekwisha kujidunga. Majani yatabanduka kama matabaka ya chapati ya kusukuma. Makombo yaweke kando, uyachanganye gramu moja moja kwenye mapishi yajayo.

Ushauri wa kawaida ni kupunguza joto la maji. Siukatai, nyuzi 85 au 90 zitatuliza chai yoyote changa, lakini sianzi nao. Maji yaliyopoa kidogo yanafunika uchungu pamoja na kasoro, na ukitaka kuijua chai usiipake poda kabla hujaiangalia uso. Punguza muda kwanza. Halafu gramu. Joto liwe la mwisho.

Ukikamilisha hayo yote na bado ni chungu, tazama inakotoka. Milima ya Bulang, huko Xishuangbanna, kusini mwa Yunnan, karibu na mpaka wa Myanmar, inajulikana kwa uchungu, na kijiji cha Lao Man E ndicho kinachotajwa kwanza. Ukinunua ya huko hujauziwa kasoro, umeuziwa tabia ya mahali. Ya Yiwu, upande wa mashariki wa Mto Lancang ambao mbele huitwa Mekong, mara nyingi ni laini na ina asali. Keki yangu ya kwanza ilikuwa ya Bulang, niliinunua soko la chai la Fangcun, Guangzhou, nilipokwenda kwa mambo mengine kabisa, na nilikaribia kuigawa. Aliyeniokoa ni shangazi yangu, mnywaji wa kahawa chungu tangu ujana wake. Alikunywa vikombe vitatu vidogo bila kukunja uso, akang'ata kashata, akaniambia nisubiri mpaka kinywa kitulie ndipo niseme. Nilihesabu sekunde 40. Kisha utamu ukaja.

Ni ya ukakasi, mdomo unanata

Tanini za chai hushika protini zilizomo kwenye mate, mate yakapoteza ulaini, na ndiyo maana ulimi unakwaruza. Kwa sababu hiyohiyo chai yetu ya maziwa haina ukakasi hata ikiwa nzito: tanini zimeshika protini za maziwa kabla hazijafika mdomoni. Pu-erh haitiwi maziwa, kwa hiyo unazipokea zote.

Ukakasi kidogo kwenye ulimi na mashavu ni jambo la kawaida kwa chai ya miaka miwili mitatu, na unapaswa kuyeyuka kuwa mate kama uchungu unavyogeuka utamu. Ukidumu, rudi kwenye makombo na muda. Angalia na maji: palipo na maji ya kisima yenye chumvi, kama sehemu nyingi za Dar es Salaam na mwambao, chai hufa harufu na hubaki mguso mgumu. Ukiona ukoko mweupe kwenye birika, jaribu mara moja kwa maji ya chupa yenye madini machache. Tofauti ikijitokeza, umepata jibu lako bila kununua keki nyingine.

Kuna ukakasi mwingine ambao siusamehi: unaoshuka kooni. Koo linakereketa, linakaza, unataka maji baada ya chai badala ya chai zaidi. Wachina huita suo hou, koo kufungwa kufuli. Keki iliyoshindiliwa juzi tu huweza kufanya hivi na ikatulia baada ya miezi. Ikiwa ina zaidi ya mwaka na bado inakaba, kwa uzoefu wangu hilo ni jani baya au lililotengenezwa vibaya. Sijapata kuona upishi ukilitibu.

Maji ni mepesi, hakuna kitu

Mara nyingi ni haraka tu. Kipande kigumu kilichoshindiliwa hakijafunguka, na wewe uko mmimino wa tatu. Baada ya kusuuza, funika dakika moja bila maji ili mvuke ukilegeze.

Wa Nairobi huniuliza kama maji yao ni baridi mno, kwa kuwa katika mwinuko wa karibu mita 1,800 huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Hapana. Kunming, mji mkuu wa Yunnan, uko kwenye mwinuko wa karibu sawa na huo, na huko wanakunywa pu-erh siku nzima. Ni sisi wa pwani tunaopaswa kujirekebisha: maji yetu hufika 100, na hizo nyuzi sita zinaonekana kikombeni. Mapishi niliyotoa juu ni ya pwani. Walio nyanda za juu wanaweza kuongeza sekunde mbili tatu.

Ikiwa umefanya yote na chai bado imekuwa maji kufikia mmimino wa nne, huenda ni ya msimu wa mvua. Machipukizi ya majira ya kuchipua, Machi hadi Mei, hubeba zaidi. Ya mvua za katikati ya mwaka hukua haraka na huwa hafifu. Kasoro ya bei zaidi kuliko ya chai: usilipe pesa za chai ya Aprili.

Inanukia sana siku ya kwanza, kisha inazimika

Dalili hii huwapumbaza wanunuzi wapya kuliko zote, kwa sababu mwanzoni ni nzuri. Kikombe kinanukia maua na maharage mabichi, maji ni ya kijani, hakuna uchungu wala ukakasi, unafurahi. Baada ya mwaka hakuna kitu. Ulichonunua ni jamaa wa chai ya kijani: jani lilikaangwa kwa moto mkubwa mno, au lilikaushwa kwa tanuri badala ya jua. Pu-erh hubadilika kwa miaka kwa sababu ukaangaji wake huacha uhai kidogo ndani ya jani, na jua halimalizi uhai huo. Kiwango cha taifa cha China cha mwaka 2008 kinataka jani lililokaushwa juani.

Chunguza majani uliyokwisha kuyapika. Yatandaze kwenye sahani nyeupe. Ya pu-erh iliyotengenezwa vizuri huwa ya kijani cha mzeituni, manene, yanavutika kama ngozi laini ukiyasugua kwa vidole. Yaliyokaangwa kupita kiasi ni ya kijani kikali kilicho sawasawa, wakati mwingine na vidoa vyeusi vya kuungua pembeni. Chai hii inywe sasa, inywe yote, ukiifurahia. Usiiweke.

Na ukiona kinyume chake, kingo za majani ni nyekundu kama kutu na kikombe kina utamu wa chai ya rangi, jani lilikaa mno kabla ya kukaangwa. Kingo chache hazina neno, ni kazi ya mikono. Zikiwa nyingi, mtengenezaji alichelewa au alipenda kuifanya iwe rahisi kunyweka mapema, na hiyo nayo nisingeiwekea matumaini ya miaka kumi.

Moshi

Sababu iko wazi: karai linachochewa kwa kuni, na siku za mvua majani huanikwa ndani, karibu na meko. Moshi mwepesi, unaosikika kwenye kikombe kitupu kilichopoa tu, hupungua kwa miaka. Moshi wa ng'onda, ule unaofika kooni, ni mkaidi. Tumia kipimo cha dakika 5. Ukiwa ndio kitu cha kwanza na cha mwisho unachokisikia, ni kasoro.

Maji yana ukungu

Vinyweleo vya machipukizi na vumbi la makombo hutia maji utusitusi kwenye mimino miwili ya kwanza, kisha yanang'aa. Hilo liache. Lakini ukungu unaodumu hadi wa tano, pamoja na ugwadu kama wa ukwaju, ni ishara kwamba keki haikukaushwa vizuri baada ya kushindiliwa na katikati yake kumechacha. Vunja karibu na tundu lililo mgongoni mwa keki, mahali pagumu kuliko pote, unuse. Ukikutana na uchachu hapo, hakuna la kusubiri.

Inanukia kabati, au kitu kibaya zaidi

Chai hunyonya harufu kuliko watu wanavyodhani. Niliwahi kuhifadhi keki mbili Unguja kwenye chumba kilichowahi kuwekwa karafuu. Chumba kilikuwa kitupu kwa muda mrefu, na bado keki zilitoka zikiwa za karafuu. Iweke mbali na viungo, sabuni, udi na mafuta ya taa.

Hatari kubwa ya mwambao ni unyevu. Pu-erh hustawi ikiwa unyevu wa hewa uko kati ya asilimia 60 na 70. Mombasa, Dar na visiwani hupita hapo sehemu kubwa ya mwaka, na ukizidi 75 kuvu hupata pa kuanzia. Kwa hiyo mtungi wa udongo unaopendeza kwenye picha haufai kwetu. Mfuko mzito usiopitisha hewa, uliofungwa vizuri, ndani yake pakiti ya kudhibiti unyevu kama zile za kutunzia sigara kubwa, ndio unaonifaa mimi.

Ukiona weupe juu ya keki, shika taa. Vinyweleo vya machipukizi vimelala sambamba na jani, vina mng'ao wa fedha, na kidole hakiviondoi. Kuvu ni laini kama pamba, inafutika, na ina uvundo wa shuka lililokunjwa bichi. Ya kijani, ya njano au nyeusi, tupa keki nzima. Usikate sehemu ukanywa nyingine.

Tumbo linasokota, mikono inatetemeka

Hapa tatizo ni wewe na saa, na ni jambo la kuchukulia kwa uzito. Pu-erh changa kwenye tumbo tupu hukwaruza, na mimino minane ya gramu 5 ni kafeini nyingi. Wachina wana jina la hali hiyo, cha zui, kulewa chai: jasho jembamba, kizunguzungu, njaa ya ghafla. Acha kunywa, kula tende au mkate, kaa. Siku nyingine kunywa saa moja baada ya chakula, na upunguze hadi gramu 3. Mwenye vidonda vya tumbo aachane kabisa na changa; shou ni pole zaidi, na hata hiyo amuulize daktari kwanza.

Hakuna kasoro, ila hainogi

Umepita orodha yote. Haina moshi, haina ugwadu, uchungu unaachia, majani ni mazuri kwenye sahani, lakini kikombe kimelala kama mchuzi usiotiwa chumvi. Uliza ilishindiliwa lini. Mvuke wa kushindilia huacha jani limetepeta ladha, na miezi kadhaa ya kwanza keki haisemi kitu cha maana; iliyosafiri kwa meli wiki nyingi hufanya vilevile. Itoe kwenye mfuko siku kavu, iache ipumue siku mbili ndani ya karatasi yake, irudishe, uiguse tena baada ya miezi sita.

Tumia penseli, wino hunuka, uandike kwenye karatasi ya nje: tarehe, gramu, maji gani, na sekunde ulizohesabu mpaka uchungu ulipoachia. Ya kwangu ya Bulang ina mistari minne sasa. Wa kwanza, ule wa siku ya shangazi, unasema "chungu, 40". Wa pili "chungu, 40, moshi kidogo". Wa tatu "30". Wa juzi nimeandika "15, asali", na kuna doa la kashata pembeni ya karatasi.